Hakuna kibao, hakuna kosa?

Ukikuta karatasi ya faini imebanwa chini ya waipa, macho yanakimbilia juu: kibao cha kukataza kuegesha kiko wapi? Hukioni, unashusha pumzi. Wengi huamini kwamba pasipo kibao faini haina miguu ya kusimamia. Huo ni ukweli nusu, na nusu hiyo imewaponza wengi.

Yako makatazo yasiyohitaji kibao kabisa, maana sheria inamhesabu kila dereva kuwa anayajua: kuegesha kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, kwa mfano, au kuziba geti la mtu. Mjini New York, ukiegesha ndani ya futi 15 (kama mita 4.5) kutoka kwenye bomba la zimamoto, unaandikiwa tu. Uingereza, mistari miwili ya manjano kando ya barabara inajitosheleza.

Kibao kinakuwa hoja pale ambapo katazo lenyewe linakitegemea: saa maalumu, malipo, wakaazi pekee. Hapo kukosekana kwake, au kumezwa na matawi, ni utetezi wa nguvu. Ila "sikukiona" haitoshi. Kabla hujaondoa gari, piga picha ya nguzo tupu, kisha nyingine zinazoonyesha gari na barabara pande zote mbili hadi kwenye kona. Mara nyingi kibao kimejificha huko huko. Na usilipe kwanza ukidhani utabishana baadaye. Sehemu nyingi, kulipa huhesabiwa kuwa umekubali kosa.