Nani katangulia kuonyeshwa? Jinsi ya kuisoma runinga ya dola ya China

Saa moja jioni ikifika Beijing, watangazaji wawili, mara nyingi mwanamume na mwanamke, huanza kusoma Xinwen Lianbo, taarifa ya habari ya CCTV, runinga ya dola ya China, iliyoanza tarehe 1 Januari 1978. Ni nusu saa, na vituo vya majimbo huirusha kwa pamoja. Wanafunzi wakiitazama mara ya kwanza huniambia ni propaganda tu, hakuna cha kuchunguza. Huwa nawapa kalamu.

Andika nani ametokea kwanza, na kwa dakika ngapi. Viongozi wakuu hutangulia, kwa kufuata vyeo. Kisha huja maendeleo ya nchi: reli, mavuno, viwanda. Habari za nje husubiri mwishoni, na mara nyingi ni vita na maafa. Kiongozi aliyezoeleka asipoonekana kwa siku kadhaa, andika pia. Mpangilio ni habari tosha.

Lakini anayeishia hapo ameona nusu. Runinga hii imetegemea sana matangazo ya biashara. Mwaka 1994 ilianza kunadi muda wake wa matangazo, na sekunde zinazofuata Xinwen Lianbo ziligombewa kwa fedha nyingi. Mhariri basi ana mabwana wawili, Chama cha Kikomunisti kinachotawala na mtazamaji mwenye rimoti. Ndiyo maana mwaka huohuo kilizuka Jiaodian Fangtan, kipindi kifupi kilichofichua maofisa wa ngazi za chini waliowaonea wakulima. Watu walikipenda kweli. Waziri Mkuu Zhu Rongji alikitembelea mwaka 1998, akakiita kioo cha serikali. Ila kioo hicho kilielekezwa zaidi wilayani kuliko Beijing, na mimi naona hapo ndipo penye somo kubwa kuliko katika propaganda ya waziwazi.

Mwaka 2016 Xi Jinping alizuru CCTV na kusisitiza kwamba vyombo vya chama vibebe jina la ukoo la chama, yaani viwe mali yake na vikitii. Miaka miwili baadaye CCTV iliunganishwa na redio ya taifa na Redio China Kimataifa, ambayo wasikilizaji wa Kiswahili wanaijua tangu 1961, na vyote vikawekwa chini ya Idara ya Uenezi ya chama.

Kwa saa za Afrika Mashariki, Xinwen Lianbo huanza saa nane mchana, na hupatikana kwenye intaneti. Asiyejua neno la Kichina anaweza kuhesabu sura na dakika kwa wiki moja, kisha afanye vivyo hivyo na taarifa ya habari anayoitazama nyumbani.