Lisp inapoita C: maana ya FFI

Mtu wa Unguja au Pemba anayeandika programu kwa Lisp hachelewi kuhitaji kitu ambacho wenzake walishakiandika kwa C: kusoma saa ya mashine, kubana picha, kufungua hifadhidata ya SQLite. Kukiandika upya ni kupoteza miezi. FFI (kifupi cha *foreign function interface*) ni ile sehemu ya Lisp inayopakia maktaba ya C, ikaitafuta fanksheni ndani yake kwa jina, ikaipa hoja kwa namna C inavyozitaraji, kisha ikarudisha jibu likiwa kitu cha Lisp.

Lisp aliianzisha John McCarthy mwaka 1958. C aliitengeneza Dennis Ritchie pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kiwango cha ANSI cha Common Lisp cha mwaka 1994 hakikusema lolote juu ya kuita lugha nyingine, hivyo kila Lisp ikajichongea njia yake. SBCL, mojawapo ya Lisp hizo, ina `sb-alien`. Maktaba ya CFFI inafunika tofauti hizo, ili msimbo ule ule ufanye kazi SBCL, Clozure CL au ECL. Ndiyo nitakayoitumia hapa, na ndiyo ninayomshauri anayeanza.

Kuita kwenyewe ni kwepesi mno:

```lisp
(cffi:foreign-funcall "cos" :double 0d0 :double)
```

Jina, aina ya hoja, hoja yenyewe, mwisho aina ya jibu. Unapata `1.0d0`. Lakini hakuna anayezikagua aina ulizoandika. Maktaba iliyokwisha kompailiwa ina majina na anwani tu. Habari za aina zimebaki kwenye faili la vichwa la C, na Lisp haijalisoma. Ukiweka `:int` palipostahili `:double` kwenye aina ya jibu, hutaonywa. Utapewa nambari ya uongo, na programu itaendelea nayo.

Kazi hasa iko kwenye data. Nambari ndogo ndani ya Lisp hubeba biti za alama zinazoitambulisha kuwa ni nambari. C inataka nambari tupu, na CFFI huivua alama hizo njiani. Matini nayo yana mambo yake. Lisp inajua urefu wa matini tangu mwanzo, C inasoma baiti moja moja mpaka ikutane na baiti 0. Jaribu kwa hati ambayo wengi wetu tuliisoma chuoni kabla ya skuli:

```lisp
(length "بابا") ; 4
(cffi:foreign-funcall "strlen" :string "بابا" :unsigned-long) ; 8
```

Majibu yote mawili ni sahihi. Lisp imehesabu herufi. CFFI imeyageuza matini kuwa UTF-8, ambamo kila herufi ya Kiarabu huchukua baiti 2, na C imehesabu baiti. Anayetaka kutengeneza programu ya kutafuta ndani ya barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati hiyo, ambazo Zanzibar tunazo na zinastahili kazi hiyo, lazima ajue kila anapovuka ni hesabu ipi iliyo mkononi mwake.

Sasa tuje kwenye stracti, yaani data kadhaa zilizopangwa pamoja kwenye kumbukumbu. C ina stracti iitwayo `tm` ya kuhifadhi tarehe na saa. Saa yake huanza 0 usiku wa manane, wakati sisi tunaanza kuhesabu kunapokucha. Hii hapa programu ya Lisp inayosoma saa ya mashine kwa C na kujibu kwa Kiswahili:

```lisp
(cffi:defcstruct tm
  (sekunde :int) (dakika :int) (saa :int)
  (siku :int) (mwezi :int) (mwaka :int)
  (siku-ya-wiki :int) (siku-ya-mwaka :int)
  (saa-za-kiangazi :int)
  (tofauti :long) (jina-la-eneo :pointer))

(cffi:defcfun ("time" soma-muda) :long (p :pointer))
(cffi:defcfun ("localtime_r" vunja-muda) :pointer
  (muda :pointer) (tm :pointer))

(defun saa-ngapi ()
  (cffi:with-foreign-objects ((m :long) (tm '(:struct tm)))
    (soma-muda m)
    (vunja-muda m tm)
    (let ((s (mod (+ 6 (cffi:foreign-slot-value
                        tm '(:struct tm) 'saa))
                  12)))
      (if (zerop s) 12 s))))
```

Mashine ikisoma 7, unajibiwa 1. Ikisoma 13, unajibiwa 7. Majina ya sehemu nimeyaweka ya Kiswahili na C haina habari nayo. Inachojali ni mpangilio na aina. Pointa ni anwani tu, na `saa` maana yake ni "baiti 8 kutoka mwanzo", kwa kuwa mbele yake kuna nambari mbili za baiti 4. Ukibadilisha nafasi ya `dakika` na `saa`, programu itasoma dakika na kuziita saa bila kusita.

Tazama pia zile sehemu mbili za mwisho. Kwa miaka mingi kiwango cha C kimetaja sehemu 9, nazo ni baiti 36. Kwenye Linux ya biti 64, maktaba ya glibc inaongeza mbili, na kabla yake inaacha baiti 4 tupu ili `tofauti` ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 8. Jumla inakuwa 56. Aliyenakili zile 9 tu kitabuni atatenga baiti 36, C itaandika 56, na baiti 20 zitamwagikia data ya jirani. Kosa la namna hii huenda likajitokeza mbali kabisa na mstari uliolisababisha. Kwa hiyo stracti usiibahatishe. CFFI ina chombo kiitwacho `cffi-grovel`: kinaandika programu ndogo ya C, kinaikompaili kwenye mashine yako, na kuiuliza kila sehemu iko baiti ya ngapi. Mimi naona afadhali kukitumia hata pale unapodhani unajua.

Linalofuata ni nani mwenye kumbukumbu. Lisp ina mzoa taka wake: data isiyotumika tena huondolewa yenyewe. Lakini mzoa taka huyo hazijui baiti zilizotengwa na C. Ni kama masufuria ya kuazima kwa ajili ya harusi: hayarudi yenyewe, na lazima mjue yametoka nyumba gani. `strdup`, fanksheni ya C ya kunakili matini, inakupa kumbukumbu ambayo ni juu yako kuiachia kwa `free`. `localtime`, ndugu yake `localtime_r`, inakupa pointa ya mahali pake yenyewe. Hupaswi kuiachia, na ukiiita tena yaliyomo hubadilika. Kwa macho pointa hizo mbili hazina tofauti, ni maelezo ya fanksheni tu yanayokuambia. Na ukitangaza kuwa jibu la `strdup` ni `:string`, CFFI itanakili matini na kukupa nakala, pointa itapotea, na kumbukumbu ile itavuja kila unapoita. Pokea `:pointer`, nakili kwa `foreign-string-to-lisp`, kisha achia. Kwa data ndogo za muda, `with-foreign-objects` tuliyoitumia juu hutenga na kuachia yenyewe.

Upande wa pili nao una hatari yake. Mzoa taka wa SBCL huhamisha vitu, hivyo anwani ya safu ya Lisp uliyompa C huenda baadaye isiwe ya safu hiyo. `with-pointer-to-vector-data` inahakikisha C inapata anwani inayobaki halali mpaka mwito umalizike, kwa sharti kwamba safu imeundwa kwa `make-shareable-byte-vector`. Kama C itaihifadhi pointa kwa matumizi ya baadaye, tenga kwa `foreign-alloc`.

Mara nyingine C ndiyo inayoita Lisp. `qsort`, fanksheni ya C ya kupanga data, kwa mfano, inataka fanksheni ya kulinganisha, na unaweza kuiandika kwa Lisp kupitia `defcallback`. Humo usiruhusu kosa lolote lipenye na kuruka juu ya C: kazi za usafi ambazo C ilikuwa haijazimaliza hazitafanyika tena. Likamate kosa hapo hapo kwa `handler-case`, lihifadhi kwenye kigeu, rudisha nambari ambayo C inaielewa, kisha liamshe upya baada ya `qsort` kurudi.