Dakika 38: namna ninavyozungumzia vita na watu Pemba

Mikutano ya amani visiwani kwetu mnaijua. Bango la "Tudumishe Amani" linatundikwa, viti vinapangwa, mgeni rasmi anachelewa, nasaha zinatolewa, posho inagawiwa, watu wanatawanyika. Mimi kazi yangu ni kuwafundisha wanaoendesha mazungumzo ya amani katika shehia (ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, inayoongozwa na sheha), na nimefika kuamini kwamba mtu wa kawaida akiambiwa adumishe amani husikia anaambiwa anyamaze. Kwa hiyo neno amani silitangulizi. Natanguliza vita, tena vile ambavyo Mji Mkongwe watalii husimuliwa kwa kicheko: vita vya Uingereza na Zanzibar vya 1896, vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38.

Nina sababu. Ukimtajia Mpemba 1964, mwaka wa Mapinduzi, au 2001, mwaka wa mauaji ya waandamanaji, hujamaliza sentensi keshakupima: huyu wa upande gani, katumwa na nani? Mwaka 1896 hapakuwa na Hizbu wala Afro, vyama vya kabla ya Mapinduzi, wala CUF na CCM vya baadaye. Mtu anaweza kusema la moyoni kuhusu Khalid bin Barghash na asiulizwe kadi yake ya chama.

Kisa chenyewe nakisimulia kwa ufupi. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid akaingia kasri akajitangaza Sultani. Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed, na kwa kuwa Zanzibar ilikuwa chini ya himaya yao tangu 1890, walidai hakuna anayekaa kwenye kiti bila ya idhini ya balozi wao. Wakampa Khalid muda: mwisho saa tatu asubuhi ya Alhamisi, tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga. Kabla ya saa nne bendera ilikuwa imeshushwa, meli ya Sultani iitwayo Glasgow imezama pale bandarini, na Khalid yuko kwa balozi wa Kijerumani. Siku hiyo hiyo Hamoud akawekwa kitini.

Hapo vijana hucheka, na mimi huwaacha wacheke. Kijana mmoja wa skuli kule Micheweni alisema, "Yakhe, hata nusu ya kwanza ya mpira haijesha!" Barza nzima ikavunjika mbavu. Kicheko kikitulia ndipo ninapouliza: ndani ya kasri alikuwemo nani?

Majibu ya kwanza ni Khalid na askari wake. Sawa, na wengine? Walikuwemo karibu watu 3,000, na wengi wao hawakuwa askari wa kusomea. Walikuwemo watumishi, walikuwemo watumwa, maana utumwa ulikuja kupigwa marufuku mwaka uliofuata, 1897. Walijikinga nyuma ya makasha na marobota ya mpira, katika jengo ambalo sehemu kubwa ni mbao, makombora yakiingia na moto ukishika. Kiasi cha watu 500 waliuawa au kujeruhiwa upande huo. Upande wa pili aliumia vibaya baharia mmoja wa manowari ya Thrush, naye akapona. Wakati huo huo mjini maduka ya Wahindi yalikuwa yakiporwa.

Halafu ipo sehemu ambayo watembeza wageni hawaisemi, na kwangu ndiyo yenye mafunzo kuliko zote: waliomuunga mkono Khalid walitozwa fidia, ikiwemo gharama ya makombora yaliyowapiga. Nikifika hapo hakuna anayecheka tena. Mzee mmoja wa Wete aliuliza, "Yaani unapigwa, kisha unalipia bakora?" Sikuwa na la kuongeza.

Mjumbe wa amani asifanye haraka ya kutoa mafunzo hapa. Anyamaze, amimine kahawa. Mazungumzo yatahama yenyewe, na Pemba huhamia 2001 takriban kila mara.

Kwa wasomaji wa mbali: baada ya uchaguzi wa 2000 uliobishaniwa, wafuasi wa CUF, chama cha upinzani, waliandamana tarehe 27 Januari 2001, na vyombo vya dola vikafyatua risasi Wete, Micheweni, Chake Chake na mjini Unguja. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa kuwa si chini ya 35 na majeruhi zaidi ya 600. Watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Watanzania waliokuwa wamezoea kupokea wakimbizi wakajikuta wao ndio wakimbizi.

Kwenye mazungumzo haya nina sharti moja tu: sema ulichokiona, si ulichokisikia. Sharti linaonekana jepesi, lakini linapangua mengi. Anayetaka kuhutubia habari za nani aliiba kura hukosa pa kuanzia. Mama aliyepanda mashua usiku huwa na pa kuanzia. Mmoja alitueleza kwamba aliondoka na mtoto na kichwa cha cherehani, meza yake akaiacha, na kwamba huko Shimoni alichokiogopa ni kutazamwa na watu kuliko njaa. Aliyekaa ubavuni kwake, mwanachama wa chama cha upande wa pili, CCM, tangu ujana, akasema kwamba miaka ile yeye aliuza duka lake kwa sababu majirani walikataa kununua hata kibiriti.

Maana hilo nalo lilikuwa vita, japo hakuna mizinga. Tangu uchaguzi wa 1995 watu wa kijiji kimoja walisusiana maduka, magari ya abiria, harusi, na kwa Muislamu la kutisha zaidi, maziko. Mtu anafiwa na babake, jirani wa ukuta kwa ukuta haji kuchukua jeneza. Muafaka wa CCM na CUF wa 1999 na ule wa Oktoba 2001 ilitiwa saini na wakubwa, lakini jeneza halibebwi na saini. Hali ililegea kweli baada ya Rais wa Zanzibar Amani Karume na kiongozi wa CUF, Maalim Seif, kukutana Novemba 2009, na kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ambapo asilimia 66.4 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa na kurudiwa Machi 2016, kususiana kukarudi mahali pengi. Ndiyo maana nikifika shehia ngeni sihesabu fulana za kampeni ya amani. Nauliza maziko ya mwisho walikwenda nani.

Sharti lile lile la kuona na kusikia nalitumia kwa uvumi wa simu. Ukitumiwa sauti kwenye WhatsApp kwamba sehemu fulani watu wanapigwa, jiulize: anayesema yupo hapo, au kaambiwa? Kataja mahali, au kasema "huko"? Wanaokwenda mbio kusambaza ni vijana, lakini wanaoamini haraka ni sisi watu wazima, niseme kweli.

Jambo la mwisho ni mahali pa kukutania. Barza ina wenyewe. Karibu kila barza na maskani, vijiwe vya kukaa na kuzungumza, ina chama chake, na wanawake hawakai. Mahali pazuri kuliko pote nilipopaona ni kwenye kuchambua karafuu. Usiku watu wamezunguka jamvi, karafuu huku, makonyo (vikonyo vyake) kule, mikono ina shughuli na hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni. Wamo wanawake, watoto, wachumaji wa kukodi kutoka vijiji vingine, na mwenye shamba hakuuliza kadi ya mtu alipowakodi kwa sababu karafuu hazisubiri. Msimu ukija mapema, 27 Agosti huangukia humo humo. Mkitaka kujaribu, mjulisheni sheha kabla, msibebe bango wala kamera, na mwaka wa uchaguzi muanze kabla ya kampeni kufunguliwa. Baada ya hapo hata habari za Khalid zitatafutiwa chama.