Mkoko hauli chumvi

Hapa Goma, mazungumzo yakifika kwenye bahari, kuna jambo linalorudiwa kama somo la darasani: mikoko huota pwani kwa sababu inakula chumvi, bila chumvi inakufa. Hata walimu wameniambia hivyo. Si kweli, na miti hii inastahili kuelezwa vizuri zaidi, maana nchi yetu inayo, kule Muanda, mto Kongo unapoingia Atlantiki. Mbuga ya kuilinda iliundwa mwaka 1992.

Kwa mkoko, chumvi ni adui. Mizizi yake huchuja maji na kuiacha nje sehemu kubwa ya chumvi. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, una njia nyingine: unaivuta, kisha unaitoa kupitia majani. Shika jani lake siku ya jua kali, utaona chembe nyeupe zinang'aa. Lilambe, ni chumvi tupu.

Ukiupanda mkoko kwenye maji matamu, unaishi. Tena mikoko mingi hustawi zaidi penye chumvi kidogo kuliko penye chumvi nyingi. Kwa nini basi iko pwani? Kwa sababu kwenye maji matamu mimea mingine hukua haraka, inaifunika na kuinyima mwanga. Katika tope la chumvi, lisilo na hewa, washindani hao hawawezi kuishi. Mkoko unaweza: mizizi yake ya juu ina vitundu vya kupitishia hewa, maji yakipwa unavuta pumzi.