Ndimu haikaushi damu

Pita kliniki za wajawazito kuanzia Newala hadi Kilwa, utasikia maneno yale yale: "Ndimu nimeacha, dada, damu yangu ndogo." Aliyemkataza ni mama mkwe, au jirani, au somo wake tangu alipovunja ungo. Na huyo aliyeacha ndiye hasa aliyekuwa akiihitaji. Kati ya dhana potofu za ndimu na machungwa tutakazozipitia hapa, hii ndiyo inayoumiza watu wengi zaidi, kwa hiyo tutakaa nayo.

Dhana: ndimu, limau na machungwa machachu hukausha damu

Ukiinywa ndimu inafikia tumboni, ambako tayari kuna tindikali kali kuliko ya kwake. Haina njia ya kwenda kuikuta damu ikiwa bado ndimu. Uchachu wa damu yenyewe unalindwa na mapafu na figo saa zote, haubadiliki kwa sababu ya achari au kachumbari. Chembe nyekundu zinatengenezwa ndani ya uboho wa mifupa na zinaishi siku 120 hivi. Hakuna tunda linaloingia humo kuzikausha.

Ushahidi unaotolewa siku zote ni wa jikoni: nyama ukiikamulia ndimu wekundu unapotea, samaki anakuwa mweupe. Ni kweli, lakini sababu yake ni tindikali kugandisha protini ya nyama mbichi, kama moto unavyogandisha ute wa yai. Nyama ile iko kwenye bakuli, imelowekwa. Wewe hujalowekwa.

Kinachopunguza damu huku Kusini ni malaria, safura, hedhi nzito, mimba zinazofuatana bila kupumzika, na chakula ambacho madini yake ya chuma yanapita tumboni bila kufyonzwa. Hapo mwisho ndipo ndimu inapofanya kazi kinyume kabisa na inavyosingiziwa. Chuma cha mbaazi, kunde, kisamvu na matembele ni cha mimea, na utumbo huchukua sehemu ndogo tu ya hicho kilichomo. Vitamini C ikikutana nacho kwenye mlo ule ule hukiweka katika hali ambayo utumbo unaipokea, na kukizuia kisishikwe na vitu vilivyomo kwenye kunde na nafaka. Miligramu 50 za vitamini C zinaweza kuongeza ufyonzaji huo mara 2 au zaidi. Chungwa moja la wastani linatosha kutoa kiasi hicho. Ndimu moja inatoa kama miligramu 10, kwa hiyo inasaidia ila haimalizi kazi peke yake.

Namna ya kuitumia ndiyo inayokosewa. Usiitie kwenye sufuria inayochemka, maana moto unaiharibu vitamini C. Kisamvu kichemshwe mpaka kiive sawasawa, tia nazi yako, epua, pakua, kisha kamulia nusu ndimu kwenye sahani. Chungwa nalo liliwe pamoja na ugali na mboga, siyo jioni likiwa peke yake, kwa sababu chuma cha mchana kitakuwa kimeshapita. Na tafadhali, iondoeni chai ya rangi mezani. Mjamzito ananyimwa ndimu halafu anawekewa kikombe cha chai pembeni ya maharage, wakati ukakasi wa majani ya chai ndio unaokishika chuma kisifyonzwe. Chai isubiri saa 1 baada ya kula.

Vidonge vya FEFO (vya madini ya chuma na foliki asidi) mezeni kwa maji au maji ya chungwa, si kwa chai wala maziwa. Na ukipimwa wingi wa damu ukakutwa chini ya gramu 11 kwa desilita una ujauzito, ndimu pekee haitakuponya. FEFO, dawa ya minyoo na SP za kliniki (vidonge vya kukinga malaria) ziko palepale. Wenye vidonda vya tumbo au kiungulia wana haki ya kuikwepa ndimu, kwa sababu inawachoma. Sababu ni tumbo, siyo damu.

Dhana: machungwa ni ya kuburudisha koo, si chakula cha taifa

Hii inatokana na mzani unaotumika. Ugavi wa chakula wa nchi huhesabiwa kwanza kwa kilokalori kwa mtu kwa siku, na hapo mahindi, muhogo na mchele hufunika kila kitu. Gramu 100 za chungwa zina kilokalori 47 hivi, unga wa mahindi una zaidi ya 350. Lakini geuza mzani: chungwa lile lina miligramu 50 hivi za vitamini C, unga mkavu hauna kitu. Mtu mzima anahitaji miligramu 45 kwa siku, mjamzito 55, anayenyonyesha 70. Ghala linaweza kujaa mahindi hadi darini na fizi za watu zikatoka damu kwa kukosa vitamini C.

Dhana: chungwa la kijani halijaiva

Ganda hugeuka rangi kwa baridi ya usiku, na pwani yetu haina baridi hiyo. Chungwa la Muheza linaloshushwa Mtwara likiwa kijani linaweza kuwa tamu kabisa. Lipime mkononi: liwe zito kwa ukubwa wake, ganda laini lisilo na vipele. Lililochumwa changa halitaiva ndani ya gunia hata ulifunike wiki nzima.

Dhana: balungi na chungwa ni kitu kimoja

Hapana. Balungi huongeza kiwango cha baadhi ya dawa mwilini, ikiwemo nifedipini ya presha. Mwambie anayekupa dawa kwamba unakula balungi.

Dhana: chungwa hufyonzwa, makapi hutupwa

Muuzaji analimenya kwa kisu, anakata kofia juu, mteja anaminya, anafyonza, anatupa. Sehemu ya faida imeenda jalalani: karibu nyuzinyuzi zote, na sehemu ya vitamini. Lipasue ule na nyama yake.

Dhana: bila machungwa ya kununua hakuna vitamini C

Hili kulisikia Tandahimba au Masasi linasikitisha, maana chini ya mikorosho kuna bibo lenye vitamini C mara 4 hadi 5 ya chungwa, nalo linaachwa lioze au linaishia kwenye uraka, pombe ya mabibo. Okota yaliyoanguka asubuhi hiyo hiyo, yasiyopasuka, ng'oa korosho, osha, kamua. Ukakasi unaokereketa koo unapungua ukikorogea uji mwepesi wa muhogo uliopoa, ukaacha saa chache mashapo yatuame, kisha ukamimina maji ya juu kupitia kitambaa safi. Yanywe siku hiyo hiyo pamoja na mlo, kabla hayajaanza kuchacha.