Duma ana pande mbili: namna tunavyowahesabu Serengeti

Duma tunamtambua kwa madoa yake, na madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Kwa mtafiti hilo ni jambo la kukosesha usingizi. Ukimpiga picha ya kushoto mwezi Januari kule Ndutu, kisha mwenzako akamkuta Juni karibu na Seronera akapata ya kulia tu, hamna namna ya kujua kama ni yuleyule. Mtaandika duma wawili. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2017 yaliweka idadi ya duma duniani kote kwenye 7,100 hivi, kwa hiyo kuzidisha duma hewa wawili watatu kwenye eneo lako moja si mchezo.

Ndiyo maana anayeanza kazi hii hufundishwa kwanza kuzunguka. Gari linasimama mbali, unamsoma mnyama. Akiwa ametulia unasogea kwa mshazari, kamwe si kumwelekea usoni. Unachukua ubavu ulio mbele yako, halafu unasubiri ageuke, na duma aliyelala kivulini mchana hana habari na ratiba yako. Ukipata wa pili, malizia na uso na mkia. Mkia wengi huudharau, lakini zile pete nyeusi karibu na ncha hupishana kwa upana na kwa mahali zinapokatika, na nimeona ubishi wa picha mbili zenye vumbi ukimalizwa na mkia. Kambini tunatafuta alama moja ya kuanzia, mathalani madoa matatu juu ya nyonga yaliyokaa kama mafiga, kisha tunafuata majirani zake doa kwa doa. Siku hizi programu za kompyuta huchambua picha na kuleta wanaokaribiana, ila uamuzi wa mwisho bado ni wa macho ya watu wawili wasioambizana jibu.

Kumpata kwenyewe ni kazi nyingine. Katika mbuga za nyasi fupi, kuanzia Naabi hadi upande wa Gol, tunapanda gari kwenye kila mwinuko, hata kichuguu, na kuzungusha darubini polepole mpaka duara litimie. Mara nyingi hutamwona duma. Utawaona swala tomi wamesimama wima, wote wakikodolea upande mmoja. Hapo ndipo pa kutazama. Akipatikana tunaandika saa, mahali, yuko na nani, tumbo lake limejaa kiasi gani, na wanyama gani wako jirani, hasa simba na fisi.

Utafiti wa duma wa Serengeti una mizizi tangu 1974, walipoanza George na Lory Frame. Baadaye akaja Tim Caro, kisha Karen Laurenson, na tangu 1991 umeongozwa na Sarah Durant. Muda huo mrefu ndio utajiri wake: ukimwona jike leo, unaweza kuwa unamjua mama yake na bibi yake. Bila ufuatiliaji huo hatungejua kwamba jike huzunguka eneo la kilomita za mraba 800 hivi akifuata swala, wakati dume mwenye himaya hukaa kwenye kilomita za mraba zipatazo 40. Sasa fikiria mtu anayekuja wiki mbili, anazunguka sehemu moja, anaondoka na idadi. Amehesabu madume wenyeji, majike wamempita.

Kuna jambo ambalo wanafunzi hulichukia: kuandika siku ambazo hatukuona kitu. Tunarekodi njia tuliyopita na kilomita tulizoendesha hata kama jioni karatasi haina duma hata mmoja. Hesabu za kisasa hutumia juhudi hiyo kukadiria ni wangapi waliokuwepo bila kuonekana. Masai Mara, upande wa pili wa mpaka, njia ya namna hii ilitoa wastani wa duma wazima 1.28 kwa kila kilomita za mraba 100. Ni namba ndogo kuliko mtu angedhani akikaa kwenye foleni ya magari ya watalii, na ninaiamini zaidi.

Juu ya kola za redio, yaani mikanda ya shingoni inayotoa mawimbi, nina msimamo wangu: usimfungie mnyama kola kabla hujawa na swali ambalo picha haiwezi kulijibu. Laurenson alikuwa nalo. Watoto wa duma hufichwa nyasini au mawemawe kwa takriban wiki nane za kwanza, hivyo tuliokuwa tukiwaona wakimfuata mama walikuwa masalia tu. Yeye aliwavisha kola majike, akafuata mawimbi hadi mafichoni, na mama alipotoka kuwinda aliingia kuwahesabu watoto na kuwapima uzito. Ikaonekana kwamba katika mbuga zile wasiofika 5 kati ya 100 ndio walioishi hadi kujitegemea, na muuaji mkuu alikuwa simba. Kinyesi nacho hakihitaji kumgusa mnyama: kwa vinasaba vyake ilibainika Serengeti kwamba asilimia 43 ya uzao wenye watoto zaidi ya mmoja ulikuwa na baba zaidi ya mmoja.

Nje ya hifadhi mambo hubadilika, na huko ndiko kuna asilimia 77 ya eneo lililobaki la duma. Vichaka ni vizito na mnyama hulikimbia gari. Huko tunategemea nyayo, kamera za kutega na mahojiano. Kwenye mahojiano tunaonyesha picha, na katikati tunachomeka mnyama asiyekuwepo Afrika, kama chui milia. Anayesema alimwona juzi kisimani tunamshukuru, kisha majibu yake tunayaweka pembeni.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Namibia, kwenye mashamba ya ng'ombe. Madume huko huweka alama za mkojo na kinyesi kwenye miti fulani, na duma wengine hupita kunusa. Watafiti wakatumia kola za GPS kuchora sehemu zenye msongamano wa miti hiyo, wakakuta ndama wanaliwa zaidi hapohapo. Wafugaji waliohamisha ng'ombe wenye ndama kutoka sehemu hizo walipunguza hasara kwa asilimia 86, kwa mujibu wa matokeo ya 2020. Hakuna duma aliyepigwa risasi wala kuhamishwa.

Waongoza watalii wananiuliza wasaidie vipi. Picha zenu tunazihitaji sana: pande zote mbili, tarehe, saa, na mahali. Lakini kule Masai Mara iligundulika kwamba majike wa sehemu zenye watalii wengi walilea wastani wa mtoto 0.21 kwa kila uzao, dhidi ya 2.32 penye watalii wachache. Kwa hiyo mkiwakuta mama na watoto, piga picha ukiwa mbali, usimkatie njia anapowinda, na usitangaze mahali alipo redioni. Ubavu wa pili ukikosekana, tuma huo mmoja, utaje ni wa upande gani.