Kipindi cha Oprah hakikuwa cha mtandao wa ABC

Watu wengi bado wanaamini show ya Oprah Winfrey ilikuwa kipindi cha mtandao wa TV wa ABC wa Marekani, hapana jamani. Tangu 1986 kilikuwa kinauzwa kituo kwa kituo, mji kwa mji, na kampuni ya usambazaji inaitwa King World, hao hao waliosambaza shindano la TV la Wheel of Fortune. Ndo maana Chicago, kituo cha ABC kinachoitwa WLS walikirusha saa tatu asubuhi wakati sehemu nyingi watu walikiona saa kumi jioni, na kuna miji kilikuwa kwenye kituo cha CBS au NBC, mitandao pinzani ya ABC. Baadaye CBS wakainunua King World, kwahiyo mpaka kinaisha 2011 vituo vya ABC vilikuwa vinawalipa wapinzani wao wakubwa ili kukirusha!